Maneno Yanayonasa: Kwa Wakalimani Wapya wa Hospitalini

Karibu kila anayeanza ukalimani wa hospitali huku Marekani hukimbilia kukariri majina ya magonjwa. Ananunua daftari, anajaza kurasa: nimonia, kifafa, shinikizo la damu, saratani ya mlango wa kizazi. Sikukatazi, lakini majina makubwa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Mengi yameungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyojirudia. Ukishajua kwamba jina linaloishia na "-emia" habari zake ni za damu, na linaloishia na "-algia" ni la maumivu, utasoma mengi bila kamusi. Na jina usilolijua utaliuliza tu. Yanayonasa ni maneno unayodhani unayajua.

Chukua homa. Mtanzania akisema ana homa, mwili wake unachemka. Wakenya wengi wakisema hivyo wana maana ya pua kuziba na kupiga chafya, yale ambayo Mtanzania anayaita mafua. Na mzee kutoka Kigoma au Kivu Kusini anaweza kusema homa akiwa ameshajipima kichwani na kujipa jibu la malaria. Sasa mtu huyo yuko mbele yako, anasema "nina homa tangu Jumapili", na wewe unarusha "fever" kwa daktari kama vile jambo limekwisha. Halijaisha. Sema wazi, kwa pande zote mbili zisikie, kwamba mkalimani anaomba kumuuliza mgonjwa ana maana gani akisema homa. Daktari akikubali, uliza. Jibu utakalopewa lifikishe kama lilivyo, hata kama ni "homa tu, we hujui homa?"

Kiingereza nacho kina ukoo mzima wa maneno ya homa, na kila moja lina kazi yake. "Chills" ni kusikia baridi ukajikunyata. "Rigors" ni kutetemeka mpaka meno yanagongana na kitanda kinatikisika, na daktari anayeliuliza hilo huenda anawaza bakteria walioingia kwenye damu. "Night sweats" ni jasho la kulowesha shuka, ukaamka kubadilisha nguo. Linaulizwa kwa sababu ya kifua kikuu na baadhi ya saratani. Ukiuliza tu "unatoka jasho usiku?", mtu anayelala chumba kisicho na feni mwezi wa Julai atakujibu ndiyo, na hapo umempeleka daktari njia isiyo yake.

Halafu kuna Farenhaiti. Mama aliyezoea kipimajoto cha Selsiasi anaambiwa mtoto ana mia moja na moja, anashika kichwa. Huko ni nyuzi 38 na kidogo. Homa kwa madaktari wa huku huanzia 100.4, yaani 38 kamili, na 104 ndiyo 40. Zijue namba hizi ili usishtuke na wewe, lakini usizibadilishe kimyakimya kichwani mwako. Mwombe muuguzi ataje kwa Selsiasi, mashine nyingi zinaweza.

Kipimo cha kifua kikuu utakutana nacho mno, kwa sababu wanaoingia kupitia mpango wa wakimbizi hupimwa, na Wakongomani walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi kwenye mpango huo kwa miaka kadhaa hadi 2024. Hapa woga una mizizi. Kwetu TB inakwenda na kukohoa damu, na minong'ono ya Ukimwi, na kutengewa kikombe. Daktari anasema majibu ni "positive" lakini ugonjwa ni "latent". Mkalimani mpya anatoa "majibu ni chanya", na wapo wanaoitikia alhamdulillahi, maana kwao chanya ni habari njema. Muulize daktari kama unaweza kusema kwamba kipimo kimeonyesha dalili za vimelea vya TB mwilini, kwamba wamelala, mtu haumwi na hamwambukizi mwenzake. Kwa kawaida atafurahi kukueleza hivyohivyo, nawe utatafsiri maneno yake badala ya kutunga yako. Mwishoni, akiwa tayari anashika kitasa cha mlango, husema haraka kwamba dawa ya rifampini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hata jasho na machozi. Usiimeze sentensi hiyo. Mgonjwa asiyeisikia anaweza kudhani anakojoa damu na kuitupa dawa.

Neno jingine la kuogopwa ni uvimbe. Tumezoea kulitumia kwa "inflammation", na kamusi hazitukatazi. Lakini mwambie mama mwenye "gastritis" kwamba ana uvimbe tumboni, halafu umwangalie uso. Yeye amesikia kansa, au fibroidi iliyomtoa dada yake kizazi. Mwombe daktari aeleze kinachotokea mle ndani. Mara nyingi atasema ukuta wa tumbo umekuwa mwekundu na unawaka, na hilo kila mtu analielewa.

Sasa hofu yenyewe. Utapewa madodoso mawili kila mara: PHQ-9 ya sonona na GAD-7 ya wasiwasi. Yote mawili yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na majibu ni manne. La tatu ndilo mtego, kwa sababu tafsiri inayokuja mdomoni ni "zaidi ya nusu ya siku", na mgonjwa anasikia kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Nimewasikia watu wakijibu "hapana, ni jioni tu". Sema "zaidi ya nusu ya siku hizo kumi na nne" na uone majibu yanavyobadilika.

Swali la mwisho la GAD-7 linauliza kama mtu amekuwa akiogopa kana kwamba jambo baya sana litatokea. Kwa mtu aliyekimbia vita vya Masisi au Fizi, mashariki mwa Kongo, jambo baya limeshatokea. Atakuuliza: "Lipi, lile au jingine?" Usimjibu wewe. Mrudishie daktari swali hilo kama lilivyo. Hakuna dodoso litakalompa habari nzuri kuliko hiyo. Na mgonjwa akisema "nina mawazo", asitoke mtu mwenye fikra tu upande wa pili. Anasema ana mzigo kichwani, halali, anakaa akiwaza.

Kuna neno moja ambalo nakusihi usilipunguze makali. Sisi husema "nakufa" kwa jino, kwa njaa, kwa kicheko. Ndiyo maana wakalimani wengi hulipunguza likawa "maumivu makali". Ila kwa madaktari, mgonjwa anayesema anahisi kifo kinamjia ametaja dalili inayojulikana: huonekana kwenye mshtuko wa moyo, kwenye damu iliyoganda na kuziba mapafu, na kwenye mzio mkali. Kama amesema anakufa, na wewe sema anakufa. Kupima kama ni maneno ya kwetu au ni moyo kweli ni kazi ya aliyesomea, na mashine ya kupima moyo iko palepale pembeni.

Mkufunzi yeyote atakusimulia kisa cha Florida cha mwaka 1980. Kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa amepoteza fahamu, na familia yake ya Kikuba ikataja neno la Kihispania lenye maana ya mtu aliyedhuriwa na alichokula au kunywa. Likasikika kama Kiingereza cha kulewa, akatibiwa kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilikuwa takribani dola milioni 71. Hakuitwa mkalimani, kwa sababu kila aliyekuwepo aliamini ameelewa.

La mwisho, maana utakutana nalo hata wiki ya kwanza. Binti wa mgonjwa atakuvuta pembeni kwenye korido: "Shangazi, tafadhali, usimtajie mama neno kansa." Ana sababu zake, na kwao huenda ni heshima. Mjibu kwa upole kwamba kila litakalosemwa chumbani utalifikisha, na kwamba ombi lake amweleze daktari mwenyewe, nawe utamtafsiria. Mfanye aliseme kabla ya kuingia, kwa sababu mlango ukishafungwa na daktari akalitaja, utalazimika kulitaja na wewe.