NT-proBNP (kipimo cha damu cha moyo kushindwa kufanya kazi vizuri) ya mzee 4,200, je, ndiyo basi tena?
Pole dada. Namba moja haimhukumu mzee. Kipimo hicho hupanda misuli ya moyo ikivutwa na mzigo, ila hupanda pia kwa umri na figo zikichoka, kwa hiyo ulizeni kreatinini yake (kipimo cha damu cha figo) ikoje. Kinachosema zaidi ni mwendo wa namba hiyo: ikishuka zaidi ya asilimia 30 tangu alazwe hadi aruhusiwe, ni dalili nzuri. Msilinganishe na kipimo kingine cha moyo kiitwacho BNP tu, hivyo ni vipimo viwili tofauti (sisi tulichanganya, tukalia bure). Mama alitoka wodini na 2,500 kutoka 6,000. Leo anapanda daladala ya Mbagala mwenyewe, akigombana na konda. Mzee apimwe uzito kila asubuhi, kuona kama maji yanajaa mwilini. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, mrudisheni hospitali.