Jibu: Vyumba viwili vikubwa au vitatu vya wastani, kama huenda nikauza baadaye?
Mkuu, kwa kiwanja chako cha mita 20 kwa 20 hapo Kibaha, jenga vitatu vya kulala, kimoja masta, yaani chenye choo chake ndani. Wanunuzi wengi wana familia: wazazi, watoto wa kiume, watoto wa kike. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatosha kitanda cha futi tano kwa sita na kabati. Choo cha wote kiwe koridoni, mgeni asikatize jikoni.

Nyumba usiiweke katikati kabisa. Acha upande mmoja kama mita 3.5 gari lipite, na shimo la maji taka liwe mahali mpira wa gari la kunyonya unafika bila kuingizwa sebuleni. Mnunuzi makini hulikagua hilo. Paa la kuficha, lile linalofichwa nyuma ya ukuta, linapendeza, ila mifereji yake ikiziba, maji yanashukia kwenye dari. Mimi ningepaua kawaida.

Zaidi ya yote, nakusihi, shughulikia hati miliki na kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Anayenunua kwa mkopo wa benki ataanza kuulizia hati, na ukiikosa utabaki na wenye fedha taslimu, ambao watakukandamiza bei.