Malumbano si ugomvi

SWALI: Ustadh, shikamoo. Kila siku kwenye runinga nasikia "malumbano yazuka baina ya viongozi", na picha zinazoonyeshwa ni za watu walioshikana mashati. Mwalimu wetu wa fasihi naye hutwambia malumbano ni mambo ya washairi. Nani yuko sawa? Na neno hili lina tofauti gani na mjadala na mdahalo? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo jepesi. Mjadala na mdahalo yametokana na Kiarabu, na yamekaribiana hata mara nyingi hupishana nafasi. Mjadala ni kulichambua jambo kwa mazungumzo. Waweza kuuingia bila msimamo ukaupata humo humo. Mdahalo una mada iliyotangazwa, upande wa kuunga mkono, upande wa kupinga, mwenyekiti na muda. Bunge hujadili mswada, wanafunzi hufanya mdahalo. Hapo hapana tatizo kubwa.

Tatizo liko kwenye malumbano, na swali lako nimelingoja kwa hamu, kwa sababu neno hili linanyang'anywa wenyewe mchana kweupe.

Kulumba ni kusema kwa ufasaha, na mlumbi ni msemaji hodari. Ukisema kulumbana umeshataja watu wawili, na wa pili lazima awe amemsikia wa kwanza. Mtu anayepaza sauti ili ya mwenzake isisikike halumbani, maana hana alichokisikia cha kukijibu.

Mwalimu wako amekueleza sawasawa. Mshairi hutoa shairi lenye hoja au fumbo, na anayetaka kumpinga hufungwa na bahari ile ile, yaani umbo lile lile la shairi. Ukitupiwa tarbia unajibu kwa tarbia: mishororo 4 kwa kila ubeti, mizani 16, yaani silabi, kwa kila mshororo, 8 za kipande cha kwanza kiitwacho ukwapi na 8 za cha pili kiitwacho utao. Fundi hasa hushika hata vina vya mpinzani wake. Tazama sharti hilo linavyomlazimisha mtu. Hawezi kujibu asichokisoma. Itambidi akae na shairi la hasimu wake, alirudie, alipime, ajue lilipokaza na lilipolegea, ndipo ashike kalamu. Hasira anaruhusiwa kuwa nayo, lakini itabidi ienee katika mizani 16, na ikisha kuenea humo imeshapitia akilini.

Najua nitakavyopingwa. Nitaambiwa: mbona Muyaka alitukana? Ni kweli. Muyaka bin Haji, mshairi wa hapa Mvita, ndiyo Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, hakuwa mtu wa kupaka asali maneno. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, uliofikia kilele chake katika vita vya Shela, kisiwani Lamu, mnamo 1812 au 1813, alirusha mashairi ya kejeli na vitisho, na walumbi wa Lamu, Bwana Zahidi Mngumi akiwa mbele yao, wakamrudishia kwa ukali ule ule. Vitani Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate walishindwa. Lamu ikauomba ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Oman, na kufikia 1837 Mombasa nayo ikawa mikononi mwake.

Sasa tenganisha mambo mawili hayo. Vita viliamua nani atatawala. Havikuamua nani alisema kweli, wala haviwezi. Mashairi yalibaki, mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa hapa Mombasa alisaidiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya ya Muyaka, nasi leo tunaweza kuwasoma Mvita na Lamu pamoja na kuona hoja ya nani ilivuja. Aliyepigwa Shela hana pa kukata rufani. Aliyejibiwa kwa shairi anayo hadi leo, na pengine mimi Mmombasa nikisoma kwa haki nitampa Mlamu.

Hii ndiyo sababu nakasirika. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya watu kugombana. Kuna mzozo, penye kitu kinachogombewa. Kuna zogo, ambalo ni kelele tupu. Kuna utesi, tabia ya mtu asiyelala bila kuudhi mwenzake. Kuna rabsha, vurugu, ugomvi, uhasama, matusi. Mwandishi ameachiwa ghala zima, naye anakwenda kuchukua neno la washairi alivike watu wanaorushiana viti! Huo ni uvivu, na madhara yake si ya kwenye kamusi tu. Kijana anayeona malumbano na mashati yaliyoraruka pamoja kila jioni ataamini kwamba kupingana kwenyewe ndiyo vita, na kwamba mtu wa adabu ni yule anayenyamaza. Mji wa walioamini hivyo haugundui kosa lake.

Kubishana nako kumepakwa tope hilo hilo. Mtoto huambiwa "usibishe" kana kwamba kubisha ni dhambi. Waulize mabaharia wetu: chombo hubisha kinapokwenda kinyume cha upepo, tanga upande huu, kisha upande huu. Nahodha anayebisha hana ugomvi na upepo. Anataka kufika, na asipobisha atafikishwa upepo unakotaka.

Sisemi ushindani wote uwe wa hoja. Mji huu umewahi kuwa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, wanawake wakishindana kwa ngoma, mavazi na fahari, na raha ilikuwa hapo hapo kwenye kushindana. Fahari huamuliwa kwa macho, na umati una haki ya kusema nani amependeza. Ila usichukue kipimo hicho ukakipeleka kwenye kweli. Nasikia watu wakitoka kwenye mdahalo wakiulizana "nani kamnyamazisha mwenzake?" Aliyenyamaza huenda alikuwa amechoka, au alikuwa na heshima, au alikuwa bado anafikiri.

Hukumu yangu basi. Mwalimu wako yuko sawa, na katika insha yako wale wa runinga waandike kuwa wamezozana, au wamepigana kama wamepigana. Watangazaji sitawaweza, neno limeshawatoka mdomoni kwa wingi, na ukali wangu hautalirudisha lote. Wenzetu wa Tanzania hupenda kusema "malumbano ya hoja". Mlumbi wa kale angeshangaa kuona hoja inahitaji kutajwa, kwa vile kwake yeye bila hoja hapakuwa na malumbano. Lakini kwa hali tuliyofikia, nyongeza hiyo ina kazi, na nitaanza kuitumia.