Kazi yangu ya kwanza: karani wa kuingiza takwimu Mtwara

Nilimaliza stashahada nikakaa nyumbani miezi saba. Kazi iliyokuja ilikuwa ya mkataba wa miezi mitatu, mjini Mtwara: kuchukua fomu za usajili wa wakulima wa korosho zilizojazwa kwa kalamu vijijini na kuziingiza kwenye kompyuta. Jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), simu, kijiji, idadi ya mikorosho. Tulikuwa makarani sita na msimamizi mmoja, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama, na chumba kilichojaa maboksi hadi dirishani.

Ninaandika haya kwa ajili ya kijana aliyeitwa kazi kama hiyo na anaambiwa na kila mtu, "Wewe ukijua kuchapa haraka umemaliza." Hujamaliza. Mimi nilikuwa nachapa haraka kuliko wenzangu wote, na kosa kubwa kuliko yote ya msimu ule lilitoka kwenye meza yangu.

Tuanze na hiyo haraka yenyewe, maana usaili utakupima kwa hiyo. Wanaposema maneno 40 kwa dakika, neno moja huhesabiwa kuwa mapigo matano ya kibodi. Kwa hiyo ni mapigo 200 kwa dakika, au 12,000 kwa saa. Fomu yetu ilikuwa na mapigo kama 120. Ukipiga hesabu ya darasani, karani wa kasi hiyo angemaliza fomu 100 kwa saa. Wiki ya kwanza nilimaliza 28. Vidole vyangu havikuwa na tatizo. Muda ulikwenda kwenye kufunua karatasi, kutafuta nilipoishia, kukodolea macho mwandiko, kunyanyua kichwa kutazama kioo na kukirudisha, kisha kukuta nimeruka mstari.

Mama alinitazama siku tatu bila kusema kitu. Ya nne akaniletea kipande cha boksi alichokikunja kikasimama kama kitabu kilichofunguliwa, akakiweka kushoto kwa kibodi, akaegemeza fomu juu yake. Akanipa rula. "Macho yako yakae hapa, mwanangu," akagusa karatasi. "Kioo utakitazama mstari ukiisha."

Basi ndivyo nilivyofanya. Fomu kushoto, imesimama. Mkono wa kushoto unashusha rula na kufunua karatasi, wa kulia unakaa kwenye vibonye vya namba, vile vya upande wa kulia wa kibodi. Kibonye cha 5 kina kinundu kidogo: kidole cha kati kikae hapo, cha shahada kwenye 4, cha pete kwenye 6, gumba kwenye 0. Ukikipata kinundu hicho kwa kupapasa, huna haja ya kutazama chini tena. Fomu iliyokwisha inageuzwa kifudifudi upande wa kulia, kamwe hairudi kwenye rundo lililobaki. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafika fomu 45 kwa saa, na sikuwa nimeongeza kasi ya vidole hata kidogo.

Kama unajifunzia nyumbani kwa kompyuta mpakato isiyo na vibonye vya namba pembeni, azima au nunua kibodi ya nje. Jizoeze kwa namba za kweli, kwa mfano za stakabadhi za zamani, si maneno matupu. Namba ya simu isome kwa mafungu, nne, tatu, tatu, ukiitamka moyoni. Ukiimeza yote kumi kwa mkupuo, utabadilisha nafasi za tarakimu mbili na hutahisi chochote.

Sasa lile kosa.

Fomu zilikuja kwa vifurushi vya hamsini. Juu ya kila kifurushi Mama alibana kikaratasi chenye mambo mawili: idadi ya fomu, na jumla ya mikorosho ya fomu zote, aliyoipiga kwa kikokotoo wakati wa kupokea. Ukimaliza kifurushi unajumlisha safu ya mikorosho kwenye kompyuta na kulinganisha. Ijumaa moja saa kumi na moja jioni ilinikuta na kifurushi cha mwisho. Tulikuwa tunalipwa kwa idadi ya fomu, na nilitaka kifurushi kile kihesabiwe wiki ile. Nikaruka kulinganisha, nikaweka alama ya kumaliza.

Orodha ile ndiyo iliyotumika kupanga mgao wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Anayelima korosho anajua maana yake: ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia kwenye maua na hujapuliza dawa, mavuno ya mwaka yameondoka. Wiki kadhaa baadaye akaingia mzee kutoka Newala, amepanda gari alfajiri, mkononi ana nakala ya kaboni ya fomu yake iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nina mikorosho mia mbili na arobaini. Humu mmeandika ishirini na nne. Hiyo mingine nani kaikata?"

Alisema kwa upole, akangoja jibu kana kwamba kweli kuna mtu anayejua. Nilifungua kifurushi mbele yake. Fomu ilisema 240, imeandikwa vizuri kabisa. Sifuri haikuingia. Marekebisho yalihitaji barua, saini ya mtendaji wa kijiji, mhuri, na safari nyingine ya mzee. Yalichukua siku tisa. Nauli yake ya mara mbili hakuna aliyemrudishia.

Jioni ile Mama alinifundisha jambo ambalo wahasibu wa zamani wanalijua na chuoni sikulisikia. Jumla zisipolingana, chukua tofauti yake uigawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, anza kutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi, au sifuri iliyodondoka mwishoni. Aliyeandika 128 badala ya 182 amekosea kwa 54, na 54 ni 9 mara 6. Kwa kifurushi changu tofauti ilikuwa 216. Gawa kwa 9 upate 24. Kwenye kosa la sifuri iliyodondoka, jibu la kugawa ndilo namba yenyewe iliyoingizwa vibaya. Ningelinganisha ile Ijumaa, ningeitafuta 24 kwenye safu na kuipata kabla ya kufunga mlango. Dakika mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa: usikubali kifurushi kisicho na jumla ya kulinganishia. Kama ofisi haina utaratibu huo, jipigie mwenyewe jumla kwa kikokotoo kabla hujaanza kuingiza. Na ukiona ofisi inaweza, pendekeza kuingiza mara mbili: makarani wawili wanaingiza fomu zilezile bila kuonana, kisha programu inaonyesha walipotofautiana. CSPro, programu ya bure ya kuingiza takwimu iliyotengenezwa na Ofisi ya Sensa ya Marekani, ina kazi hiyo ndani yake. Ni gharama, ndiyo. Lakini watu wawili mara chache hukosea jambo moja mahali pamoja.

Kuna makosa mengine ambayo hayatoki kwenye vidole wala macho. Yanatoka kwenye kompyuta yenyewe, na haya yanaumiza zaidi kwa sababu wewe umefanya sawasawa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki huzigeuza sifuri bila kukuuliza. Ukiona namba imegeuka kitu kama 1.97804E+19, usifikiri ni suala la upana wa safu, tarakimu tano za mwisho zimeshapotea. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo. Dawa ni kuipanga safu hiyo iwe ya maandishi kabla hujaingiza hata mtu mmoja. Ukishaingiza, kubadilisha hakurudishi kilichopotea, itabidi urudi kwenye karatasi. Na kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, zilinganishe na tarehe iliyojazwa kwenye fomu. Mimi nilikamata namba nyingi zilizonakiliwa vibaya kijijini kwa njia hiyo tu.

Tarehe ni mtego mwingine. Sisi tunaanza na siku. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani inaanza na mwezi, hivyo 03/04 inakuwa tarehe 4 Machi, na hakuna kitakachokuonya. Angalia mipangilio ya kompyuta asubuhi ya kwanza. Halafu kuna saa. Mdodosaji kaandika "saa 3:15" akimaanisha asubuhi jua limeshapanda, karani anaingiza 03:15, ikawa mkulima kahojiwa usiku wa manane. Ukikuta kisanduku cha muda, uliza mara moja kinataka saa za Kiswahili au za Kizungu, na jibu liandikwe ukutani ili wote mfuate.

Majina yanataka heshima. Hamisi, Hamis na Khamis ni watu watatu mpaka uthibitishe vinginevyo. Ingiza kama ilivyoandikwa, hata kama unaona wazi kwamba mwandishi alikosea. Jina linaloanza na Ng' lina ile alama ya juu, na ukiidondosha, anayetafuta kwa jina hatampata. Usikisie jinsia kwa jina. Na vijiji na wilaya zinazofanana ndizo hatari kabisa: Nanyamba na Nanyumbu zote ziko mkoa wa Mtwara, zimetofautiana irabu mbili, na mkulima aliyehamishwa kwa irabu mbili atatafutwa asikokuwepo. Kila nilichokitilia shaka nilikibandikia kikaratasi cha rangi, nikakiandika kwenye daftari langu la maswali, nikaendelea. Saa nne na saa tisa nilimpelekea Mama yote kwa pamoja. Mwanzoni niliona aibu kuuliza. Lakini karani asiyeuliza hata mara moja kwa siku nzima anakisia mahali fulani.

Kuhusu mwili sitasema mengi. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Viwiko vikae usawa wa meza. Kiti kikiwa kifupi, kalia shuka lililokunjwa. Na hifadhi kazi kila ukimaliza fomu tano, kwa sababu umeme hukatika.

Mkataba nao usome kabla ya kusaini, hata kama umekaa nyumbani miezi saba na mikono inatetemeka kwa furaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Malipo ya kwa fomu yana ubaya niliokwisha kuueleza: yanamlipa anayekimbia. Ukiyakuta, uliza siku ileile fomu yenye kosa inahesabiwaje, na nani anapima. Ofisi ile haikuwa na jibu, na hilo lilipaswa kunishtua.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia: watu watakufuata kwa ajili ya ulichonacho kwenye kioo. Muuza mabomba ya kupulizia dawa aliniomba namba za simu za wakulima wa wilaya moja, "nikutoe soda tu". Mwenzetu alipiga picha kioo chake akaituma kwenye kundi la WhatsApp kuonyesha wingi wa kazi, majina na namba za NIDA vikisomeka. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wewe karani imekugusa moja kwa moja. Hata bila sheria, yule mkulima alimpa mdodosaji taarifa zake kwa ajili ya salfa. Hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kuzigawa.

Utasikia kwamba kazi hii inakufa, kwa kuwa hata Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Kwa sensa ni kweli. Lakini ingia zahanati, shule, chama cha msingi au mahakama ya mwanzo uone makabati ya rejista. Karatasi bado ni nyingi mno, na aliyezoea kuikagua taarifa kabla ya kuiingiza anaweza pia kukagua zile zinazotoka kwenye kishikwambi.

Mkataba wako ukikaribia kuisha, omba barua. Isiseme tu kwamba ulifanya kazi kwa bidii. Iandike idadi ya fomu ulizoingiza, muda uliotumia, na makosa yaliyopatikana kwenye ukaguzi. Mimi niliomba yangu wiki mbili kabla, na Mama aliikalia siku nzima akihesabu kutoka kwenye vikaratasi vya vifurushi. Kosa la mzee wa Newala alilihesabu pia. Kwenye usaili uliofuata waliniuliza juu ya mstari huo kuliko mwingine wowote, nikawaeleza habari ya 216 na 9 kwa kalamu kwenye karatasi yao, na Jumatatu nikaanza kazi.