Hicho ni Bob Semple cha New Zealand, si NI ya Odessa

Umeuliza kama kifaru kilicho kwenye picha ni NI, kifaru cha Wasovieti kilichoundwa mjini Odessa. Hapana, si NI. Hicho ni kifaru cha Bob Semple cha New Zealand, kilichopewa jina la Waziri wa Ujenzi wa wakati huo. Angalia kuta: ni mabati ya mikunjo yaliyofunikwa juu ya trekta la Caterpillar D8. Halafu hesabu mitutu. Kilibeba bunduki 6 za rashasha aina ya Bren, mpiga risasi mmoja akilala kwenye godoro juu ya injini (sitanii!). NI pia ilitokana na trekta, aina ya STZ-5, huko Odessa mwaka 1941, ndiyo maana watu huvichanganya vifaru hivi. Ila picha ikiwa imekatwa upande wa mbele, usiape kwa umbo la bodi peke yake.