Maswali na majibu: npm, prefix na ugonjwa wa sudo

Maswali mengi yaliyoingia safari hii ni lile lile: nasakinisha kitu kwa `npm install -g`, kinagoma. (npm ni zana ya kusakinisha vifurushi vya Node, yaani JavaScript nje ya kivinjari; -g ni kusakinisha nje ya mradi wowote.) Nimechagua ya walioambatanisha ujumbe wa kosa. Waliotuma "haikubali, nisaidie mkuu" waendelee kusubiri, mimi si mpiga ramli.

Natumia Ubuntu. Nikisakinisha kwa -g napata "EACCES: permission denied" na jina la folda /usr/local/lib/node_modules. Rafiki kaniambia niweke sudo mbele, na kweli imekubali. Kuna ubaya? (Uyole, Mbeya)

Upo, ila hauonekani siku hiyo hiyo. Folda hiyo ni ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, wewe huna ruhusa ya kuandika humo, na kompyuta imekuambia hivyo waziwazi. Sasa, baadhi ya vifurushi vya npm huja na hati (script) zinazojiendesha zenyewe wakati wa kusakinishwa, zimeandikwa na watu usiowajua. Ukitanguliza sudo, yaani kuendesha amri kwa mamlaka ya root, umemwita fundi wa kitasa ukamwachia na hati ya nyumba. Na hata npm yenyewe si malaika: Februari 2018 toleo la 5.7.0 lilikuwa na hitilafu, walioliendesha kwa sudo wakakuta umiliki wa mafaili ndani ya /etc na /usr umebadilishwa.

Kabla ya dawa yoyote uliza kwanza: `npm config get prefix`. Hapo ndipo kila kitu cha -g kinapoenda: vifurushi kwenye lib/node_modules, amri kwenye bin. Ikijibu /usr au /usr/local, hamishia nyumbani kwako:

`mkdir ~/.npm-global`
`npm config set prefix ~/.npm-global`

Kisha mwishoni mwa ~/.bashrc ongeza `export PATH=~/.npm-global/bin:$PATH` (PATH ni orodha ya folda ambamo amri hutafutwa). Hakuna sudo katika hatua hata moja. Ukiiweka kwenye `npm config set`, utakuwa unapanga mipangilio ya root, halafu utaniandikia tena kwamba "haijabadilika".

Baada ya hapo npm ikilalamika kuwa ~/.npm ina mafaili ya root, ni masalia ya sudo zako za zamani. `sudo chown -R $(id -u):$(id -g) ~/.npm`, na hiyo iwe sudo ya mwisho.

Nimefuata hatua zote, kifurushi kimeingia, lakini nikiita amri yake naambiwa "command not found". (Makambako)

Hujafungua teminali upya. Au shell yako, programu inayosoma amri zako, ni zsh badala ya bash na mstari umeuweka kwenye .bashrc. Linganisha jibu la `npm config get prefix` na la `echo $PATH`, macho yako yatakuambia. Bash iking'ang'ania njia ya zamani, andika `hash -r`.

Kwenye grupu la WhatsApp waliweka `sudo chown -R $(whoami) $(npm config get prefix)`. Nikaiendesha. Sasa sudo inasema "must be owned by uid 0 and have the setuid bit set". Nifanyeje? (Njombe)

Pole sana. Node yako ilikuwa na prefix ya /usr. Kwa hiyo hukujimilikisha folda ya npm, umejimilikisha /usr nzima, pamoja na sudo, su na passwd. Hizo hufanya kazi kwa sababu ni mali ya root na zina alama ya setuid, inayoziruhusu kuendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake, na Linux huifuta alama hiyo faili linapobadilishiwa mmiliki. Ndiyo maana kurudisha umiliki kwa root peke yake hakutoshi: itabidi urudishe alama faili kwa faili.

Kwa mwenye kazi za kesho, washa kwa flashi ya Ubuntu, nakili /home kwenye diski ya nje, sakinisha upya. Faili la kusakinishia Ubuntu ni gigabaiti kadhaa, usiteketeze bando. Azima flashi kwa mwenzako.

Na aliyeirusha amri ile kwenye grupu hakukosea kwenye mashine yake, huenda prefix yake ilikuwa kwingine. Amri yenye `$(...)` ndani haisomeki mpaka ujue kilichomo ndani kitajibu nini kwako. Iendeshe sehemu hiyo peke yake kwanza. Sekunde mbili tu.

nvm, ile zana ya kusimamia matoleo ya Node, inasema haipatani na prefix. (Iringa mjini)

Umeweka vyote viwili. Chagua kimoja. Ukibaki na nvm: `npm config delete prefix`. Jua tu kwamba nvm huweka vifurushi vya -g kwa kila toleo la Node peke yake, kwa hiyo ukipanda toleo usishangae vimepotea. `--reinstall-packages-from` ya `nvm install` ipo kwa ajili hiyo.

Windows: PowerShell inaniambia "running scripts is disabled on this system". (Vwawa)

Hilo si la prefix, PowerShell imezuia hati kuendeshwa. Andika `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`.

Nafundisha vijana, bando ni shida. Nimesakinisha maktaba ya express kwa -g ili miradi yote itumie moja, lakini `require('express')` inasema "Cannot find module". Nielekeze prefix wapi? (Mafinga)

Popote utakapoielekeza, mwalimu, jibu litakuwa hilo hilo. -g ni ya zana unazoziita kwa jina kwenye teminali. Maktaba ya mradi hukaa ndani ya mradi, iandikwe kwenye package.json, la sivyo kijana akihamia mashine nyingine kazi yake inakufa. Hoja ya bando naielewa, ila npm tayari inatunza nakala ya kila ilichopakua kwenye ~/.npm. Sakinisha mara moja kwa intaneti, miradi inayofuata tumia `npm install --prefer-offline`. Usifute folda hiyo eti unapunguza uchafu.

Maabara ya chuo hawatupi nywila ya sudo. Nasakinishaje? (Iyunga)

Vizuri wasivyowapa. Rudi kwenye jibu la Uyole, linafanya kazi bila hiyo nywila.