Kabla hujauliza GPU gani, angalia soketi ya ukutani kwako

Karibu kila wiki kuna mdogo wangu mmoja ananifuata kwenye meseji, "Kaka nina milioni mbili na kitu, nataka mashine ya gemu na kustrimu, nichukue GPU gani?" GPU ndo kadi ya grafiki, ile inayochora picha ya gemu. Mimi namrudishia maswali mawili ambayo huwa yanamkera: umeme kwako unakatika mara ngapi kwa wiki, na apulodi yako, yaani spidi ya kutuma data, ukipima saa mbili usiku inasoma ngapi. Nasema saa mbili usiku makusudi, maana ndo muda wa kustrimu, yaani kurusha gemu laivu mtandaoni, na ndo muda mtaa mzima uko hewani, ukipima saa nne asubuhi utapata namba nzuri halafu usiku hazipo.

Nauliza hivyo kwa sababu mashine yangu ya kwanza niliijenga kichwa chini miguu juu. Ilikuwa 2022, hela nyingi ikaenda kwenye keisi ya kioo yenye taa za rangi, prosesa nikachukua ya kori nne, yaani sehemu nne tu za kufanya kazi kwa pamoja, kadi ya grafiki nikachukua mpya ya bei ya chini ambayo muuzaji alinihakikishia inacheza kila kitu. Na kweli ilicheza. Siku nimefungua OBS, programu ya kustrimu, nikabonyeza kuanza strimu, gemu ikawa inakwama kila baada ya sekunde mbili, nikahangaika na setingi usiku mzima, nikafuta Windows nikaweka upya, wapi. Kumbe ile kadi haikuwa na enkoda kabisa, kile kifaa cha kukandamiza video, yaani walioitengeneza waliitoa ili iwe rahisi, na mimi sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo.

Sasa nielezee hapa taratibu maana ndo roho ya jambo lenyewe. Mashine inayostrimu inafanya kazi mbili kwa mpigo, inachora gemu halafu inaikandamiza ile picha iwe video nyepesi ya kupita kwenye intaneti. Hiyo kazi ya pili ikiangukia kwenye prosesa, inagombania kori zile zile zinazoendesha gemu, na ukiwa na kori nne hapo hakuna mshindi. Kadi yenye enkoda yake inaifanya kazi hiyo pembeni na gemu wala haishtuki. Kwa NVIDIA enkoda inaitwa NVENC, na kuanzia kizazi cha RTX 20 imekuwa nzuri sana, RTX 3060 inayo hiyo hiyo, RTX 4060 imeongezewa uwezo wa AV1, aina mpya ya kukandamiza video. Ukienda kwenye GTX, kadi za NVIDIA za zamani kidogo, kuwa makini, GTX 1650 ya kawaida ina enkoda ya kizazi cha nyuma, ila 1650 Super ina ile mpya, majina yanafanana lakini sio kitu kimoja. Na kwa Intel, prosesa yenye herufi F mwishoni kama i5-12400F haina grafiki ndani, isiyo na F inayo na inaweza kukusaidia kukandamiza video, halafu siku kadi ikifa bado unaona kitu kwenye monita. Ukipata tofauti ndogo ya bei, mimi nakwambia chukua isiyo na F.

Turudi kwenye umeme. Hapa kwetu Tanzania ni volti 230, lakini mitaani kuna pawa saplai nyingi zilizotoka kwenye mashine kuukuu za Marekani, nyuma zina kaswichi kadogo kekundu kameandikwa 115 na 230. Rafiki yangu alichomeka bila kukaangalia, ukasikika mlio kama fataki, moshi, na madabodi ikaenda nayo. Kwa hiyo kwenye pawa saplai usibane hela hata kidogo, tafuta mpya ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus, ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi, hiyo itakaa na wewe hata ukija kubadilisha kila kitu kingine. Halafu UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Ile iliyoandikwa 650VA watu wanadhani inabeba wati 650, hapana, nyingi zinaishia kwenye 360 hivi. Ndo maana naangalia sana kadi inakula umeme kiasi gani, RTX 4060 ni wati 115, 3060 ni 170, ukiweka na Ryzen 5 5600 yenye kori sita na monita juu, ile ya 4060 inakaa kwenye UPS ndogo bila shida na unapata dakika kadhaa za kuaga watazamaji na kuzima vizuri. Kadi kubwa iliyotumika ya bei poa itakulazimisha ununue UPS kubwa na pawa saplai kubwa, ukipiga hesabu yote urahisi unaishia hapo.

Na intaneti. Bitireti ni kiasi cha data strimu inachotuma kila sekunde, na ya 6000 ndo watu wanayoiona kwenye video za wenzetu wa nje, hiyo ni Mbps 6 za apulodi zisizotetereka na kwa saa moja inakula kama GB 2.7. Sasa fikiria mtazamaji wako, yuko kwenye daladala anaangalia kwa simu na bando alilojiunga asubuhi. YouTube inamtengenezea ubora wa chini achague mwenyewe, Twitch, mtandao mwingine wa kustrimu, haimhakikishii hilo strima mdogo, kwa hiyo anakula ile ile uliyotuma au anaondoka. Mimi nastrimu 720p, ubora wa picha wa kati, kwa bitireti ya 2500, kama GB 1.1 kwa saa, na tangu nishushe watu wanakaa muda mrefu zaidi, nimeona mwenyewe kwenye namba zangu. Ukishajua utastrimu 720p, ile presha ya kutafuta kadi ya kutisha inapungua sana.

Rami weka GB 16 na ziwe mbili za nane nane, usikubali moja ya 16 eti utaongeza baadaye, moja inapitisha data nusu tu ya mbili. Ukifika nyumbani ingia BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijafunguka, uwashe XMP, setingi ya kuipa rami spidi yake kamili, la sivyo rami uliyolipia ya 3200 inakimbia 2133 au 2400 na hutajua. Hifadhi weka SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye madabodi, TB 1 ukiweza, basi.

Keisi chukua yenye wavu mbele, sio kioo. Dar joto lake unalijua, na kile kioo changu kilikuwa kinaipika kadi mpaka feni zinalia kama jenereta, vumbi nalo, kila mwezi nafungua napuliza.

Ukienda Kariakoo usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako, na kama ni kadi iliyotumika nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya bure inayoisoma kadi yenyewe. Kuna kadi feki, chipu ni ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011 imeandikwa jina la GTX 1050 Ti, Windows inadanganyika ila GPU-Z inakuandikia wazi kuwa ni feki. Muuzaji mkweli hawezi kukukatalia dakika tano za kupima, akikataa we ondoka tu, duka jirani lipo. Na zile mashine za ofisini zilizotumika ni nzuri kwa kazi za kawaida, ila nyingi pawa saplai yake ina plagi za kwake peke yake na keisi nyembamba, kadi ya kawaida haiingii, pima na rula kabla hujapenda bei.

Hela ikibaki isiende kwenye taa, inunue maiki. Mtu atavumilia picha ya 720p ila sauti mbovu anafunga. Kwa vyumba vyetu vyenye feni na kelele za bodaboda nje, maiki ya dainamiki inafaa kuliko kondensa kwa sababu haizoi kila sauti ya chumbani. Feni iweke nyuma ya maiki, upande usiosikia, halafu ongea karibu, vidole vitatu kutoka mdomoni.